Pikipiki Mpya kwa Njia za Keringet: Ninunue au Nisinunue?

Tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikiandika na kufuta hesabu moja katika daftari ambalo kwa kawaida huandikia majina ya ng'ombe na tarehe za kupandishwa kwao. Upande mmoja wa ukurasa niliandika bei ya pikipiki mpya ya cc 150, na upande wa pili nikaorodhesha vitu ambavyo najua vitalazimika kubadilishwa au kuongezwa kabla pikipiki hiyo haijaifaa kazi yangu. Upande wa pili ulirefuka kuliko nilivyotarajia, na ndio ulionifanya nisite kwa miezi mitatu. Sasa nimekata shauri, na kwa kuwa wenzangu kadhaa wanaofanya kazi kama yangu wamekuwa wakiniuliza nilifikaje hapo, nimeona ni heri niandike yote mahali pamoja.

Kazi yangu ni uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zilizogandishwa. Ninaishi Molo, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, na wafugaji ninaowahudumia wametawanyika kuanzia Turi na Elburgon hadi Keringet, na wachache wako mbele zaidi, upande wa Olenguruone. Ng'ombe akionyesha dalili za joto asubuhi, hupandishwa jioni ya siku hiyo. Akizionyesha jioni, hupandishwa asubuhi inayofuata. Nafasi hiyo ikipita, mfugaji hungoja takriban siku 21 ndipo joto lirudi, na siku hizo zote ng'ombe anakula, anahitaji chumvi, anahitaji dawa ya kupe, na siku ya kupata maziwa inazidi kusogea mbele. Ndiyo sababu simu ikilia saa kumi na mbili asubuhi, mfugaji haniulizi habari za bei wala za fahali. Huuliza kama nitafika.

Nyuma yangu, juu ya karia, hubeba mtungi mdogo wa lita tatu wenye naitrojeni ya maji, ambayo ni baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, na ndani yake mna mirija ya mbegu, mingi ikitoka katika kituo cha taifa kule Kabete. Watu huuona mtungi huu wakadhani ni kama mtungi wowote wa maziwa. Sivyo. Chombo cha ndani kinaning'inia kwa shingo peke yake, na kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje hakuna hata hewa, kwa sababu utupu huo ndio unaozuia joto lisipenye. Ukiulaza mtungi, naitrojeni humwagika. Ukiutikisa kila siku juu ya chuma kisicho na mto, shingo hupata ufa usioonekana kwa macho, na siku utakapoona ukuta wa nje umetoka jasho na kushika barafu, jua kwamba utupu umevunjika, naitrojeni inachemka na kuisha, na mbegu zilizomo zina saa chache tu. Kwa hiyo ninaponunua pikipiki, abiria ninayemfikiria kwanza ni huyo.

Pikipiki niliyo nayo niliinunua mwaka wa 2016, na kipima mwendo chake kilisimama kwenye kilomita 84,000 hata kabla sijaanza kufikiria kuibadilisha. Silinda yake imekwisha kuchongwa mara mbili, na fundi wangu amenieleza kwamba hakuna tena chuma cha kuchonga. Atakayetaka kuendelea nayo lazima anunue silinda na pistoni mpya, na baada ya hapo afuatilie gia, ambazo nazo zimeanza kuruka. Imenitumikia vizuri sana. Siisemi vibaya. Lakini kuna Jumanne moja ya mwezi wa nne ambayo ilinifanya nielewe kwamba siku zake zimefika.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mama mmoja mkulima, ambaye shamba lake liko kwenye mteremko ng'ambo ya Keringet, alinipigia kwamba mtamba wake wa Ayrshire alikuwa amesimama akipandwa na wenzake tangu jioni ya siku iliyotangulia. Nilipaswa kufika kabla ya saa tano asubuhi. Nilifika barabara ya udongo saa nne, na hapo udongo mwekundu wa milima ya Mau, ambao ukilowa hushika kama ugali uliokolea, ukaanza kujaa kati ya gurudumu la mbele na madigadi, yaani kikinga matope chake. Mita mia moja, gurudumu likakwama. Nikashuka, nikachukua kijiti, nikakwangua udongo, nikapanda, nikaenda mita nyingine mia moja, likakwama tena. Katikati ya kukwama na kukwamuka huko klachi ilianza kunuka kuungua, na kwenye kilima cha mwisho injini ikakosa nguvu kabisa, nikawa nasukuma huku mkono mmoja umeushika mtungi usilale. Nilifika saa tisa alasiri. Mama alinipa chai kwanza, hakuninung'unikia hata neno moja. Nilimpandisha yule mtamba bila kudai malipo, tukijua wote wawili kwamba nimechelewa, na baada ya siku 21 joto lilirudi.

Jambo lililonisumbua baada ya siku hiyo ni kwamba nusu tu ya masaibu yale yalitokana na uzee wa pikipiki. Injini iliyochoka na klachi iliyokwisha, hayo ni ya uzee. Ila udongo kujaa chini ya madigadi, tairi lisilo na meno kuteleza, mtungi kutikisika juu ya karia fupi, hayo yalikuwapo tangu siku niliyoitoa dukani. Na pikipiki mpya niliyokuwa naitazama ilikuwa na madigadi yale yale ya chini, matairi ya namna ile ile, na karia ile ile. Nikilipa pesa zote hizo nikarudi kwenye mteremko ule ule mwezi wa nne ujao, gurudumu la mbele litakwama palepale, ila sasa litakuwa na rangi mpya.

Pikipiki hizi hazikuundwa vibaya. Ziliundwa kwa kazi nyingine. Baada ya serikali kuondoa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa pikipiki ndogo za chini ya cc 250 mwaka wa 2008, soko letu lilijaa pikipiki nyepesi za kubeba abiria, zenye kiti kirefu, zisizokunywa mafuta mengi, ambazo spea zake hupatikana hata kwenye kibanda cha sokoni. Kwa mwendesha bodaboda wa mjini Nakuru anayezunguka kati ya stendi na mitaa, hakuna la kuongeza. Kwa anayepanda Mau wakati wa masika, kuna mengi.

Kabla ya kuikubali hesabu ya kununua na kuboresha, nilijaribu kwanza njia nyingine. Kijana mmoja alitaka kuniuzia pikipiki yake ya mwaka mmoja na nusu kwa shilingi 95,000, na kwa macho ilikuwa safi. Nilipoomba kuona logibuku, yaani hati ya umiliki, alisema iko kwa mkopeshaji na kwamba amebakiza "kidogo tu". Sikuendelea. Pikipiki iliyo na deni si ya anayeiuza, na siwezi kwenda kulala nikijua kwamba asubuhi mtu anaweza kuja kuichukua uani pamoja na karia yangu. Pikipiki za umeme nazo nimezitazama kwa hamu ya kweli, maana hazina kabureta wala moshi, lakini mahali pa kubadilishia betri hapajafika katika njia ninazopita.

Njia iliyonivuta zaidi ilikuwa ile ya kununua pikipiki iliyoundwa kwa mashamba na matope tangu mwanzo. Wazee wa kazi hii wanazikumbuka Yamaha za AG na DT na Honda za XL ambazo maafisa wa kilimo na wa mifugo walipewa na serikali au na miradi. Gurudumu la mbele kwa nyingi ni la inchi 21, madigadi yamenyanyuliwa juu kabisa mbali na tairi, na zile za AG zina karia mbele na nyuma na mfuniko unaoufunika mnyororo wote usishike mchanga. Ukiitazama pikipiki hiyo unaona kwamba aliyeiunda aliwahi kushuka akakwangua matope kwa kijiti. Niliiulizia ya kizazi hiki, nikaambiwa bei ambayo ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya cc 150 ya kawaida. Hilo peke yake lingetosha, lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo wanaume walionishauri hawakulifikiria. Mimi nina futi tano na inchi mbili. Kiti cha pikipiki za namna hiyo kiko juu, na nilipoikalia moja iliyokuwa ya mradi fulani, ni ncha za vidole vyangu vya miguu tu zilizogusa chini. Kwenye lami hilo si neno. Kwenye matope, ambako kila baada ya mita chache unahitaji kuweka mguu chini upesi, ni kuanguka kwa uhakika, na nikianguka mimi, mtungi nao umeanguka.

Basi nikarudi kwenye ile ya kawaida, na nikaenda nayo kwa fundi wangu wa Molo kwa karatasi, nikimwomba aniambie ukweli kabla sijalipa. Fundi huyu amefungua injini za pikipiki zetu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Alisoma orodha yangu akiwa amechuchumaa kando ya beseni la mafuta ya taa, akasema, "Daktari, hii ukiileta hapa na tairi za dukani, tutaonana wiki hiyo hiyo." Kisha akachukua kalamu akaanza kupanga upya.

Alianza na matairi. Matairi ya dukani yana mistari myembamba ya kupitishia maji ya mvua kwenye lami; yenye meno makubwa yaliyoachana hushika udongo na, muhimu zaidi, huutupa nje yanapozunguka. Lakini tairi lenye meno ni nene kuliko lile la kawaida, kwa hiyo ukiliweka mbele bila kunyanyua madigadi umelifanya tatizo kuwa baya zaidi, maana nafasi imepungua. Madigadi lazima yanyanyuliwe kwa vipande vya chuma na boliti ndefu, angalau upana wa vidole vitatu juu ya tairi. Hili sikulijua. Ningekuwa nimenunua matairi peke yake na kujipongeza, kisha ningekwama mapema kuliko mwanzo. Matairi mawili na kazi ya madigadi ni shilingi 9,600, nayo yale ya dukani nitayaweka nyumbani na kuyarudisha mwezi wa kwanza na wa pili, wakati barabara ni vumbi na tairi la meno huisha bure.

Jambo la pili lilikuwa nguvu ya injini, na hapa nilijifunza mengi zaidi. Dukani niliambiwa injini ina nguvu farasi 12. Huo ni ukweli wa mahali hewa ilipo nzito, karibu na usawa wa bahari. Nakuru mjini tuko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na Molo tunakaribia mita 2,500, ambako kila pumzi ya injini ina hewa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Injini isiyopata hewa haiwezi kuchoma mafuta yote, na kwa hiyo zile 12 zinabaki tisa na kitu. Kabureta nayo, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha tambarare, mchanganyiko unakuwa mzito, na injini inakohoa unapofungua mafuta kwa ghafla. Fundi alichomoa plagi ya pikipiki ya kijana mmoja aliyeinunua miezi miwili tu iliyopita, akanishikisha. Ilikuwa nyeusi tititi, ina masizi makavu yanayobaki kwenye kidole, kama chini ya sufuria ya kuni. Kisha akanionyesha nyingine, ya pikipiki ambayo alikuwa ameibadilishia jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopima petroli inayoingia, akaweka yenye tundu dogo zaidi, na hiyo ilikuwa na rangi ya ganda la kiazi. Jeti yenyewe ni kipande cha shaba kisichofika urefu wa punje ya mahindi, na pamoja na kazi ni shilingi 700. Hairudishi nguvu zote, kwa maana hewa iliyokosekana imekosekana, lakini huondoa ule uzito unaoletwa na petroli ya ziada na hupunguza mafuta yanayopotea.

Kwa kilima chenyewe dawa ni sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo. Ile ya mbele ya pikipiki niliyoichagua ina meno 14 na ya nyuma ina 42, maana yake sproketi ya mbele huzunguka mara tatu kamili ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka ya mbele yenye meno 13, inazunguka mara tatu na robo hivi, na gurudumu linapata nguvu zaidi ya kuvuta kwa karibu asilimia nane. Unachokitoa ni mwendo. Kwenye lami ya kutoka Molo kwenda Nakuru injini italia zaidi na itakunywa kidogo zaidi kwa mwendo ule ule. Niliuliza kama haitaharibika kwa kulia hivyo. Alijibu kwamba kinachoua klachi ni kuitelezesha kwenye kilima kwa sababu gia ya kwanza ni ndefu mno, na nikaikumbuka harufu ya Jumanne ile. Sproketi ni shilingi 900. Kati ya mambo yote kwenye orodha, sijaona lingine linalotoa faida kubwa hivi kwa pesa kidogo hivi, na nashangaa kwamba kwa miaka yote hii sikuwahi kuambiwa.

Karia ndiyo niliyotaka ichukuliwe kwa uzito kuliko vyote. Ile ya dukani imetengenezwa kwa magunia na mitungi ya maji, vitu ambavyo havijali kutikiswa. Tulikubaliana achomelee kitanda cha vyuma vya pembe, chenye kuta nne za kimo cha nusu ya mtungi, na sakafu yake isikae moja kwa moja juu ya karia bali juu ya raba nne nene zilizokatwa kutoka tairi la lori, ili mshtuko wa shimo ufie kwenye raba kabla ya kuifikia shingo. Mkanda utapita juu na kufunga mbele. Mtungi utakaa mbele zaidi kuliko sasa, karibu na mgongo wangu, kwa sababu uzito ulio nyuma ya ekseli hulinyanyua gurudumu la mbele kwenye kilima. Shilingi 6,500. Gadi ya kukinga injini na miguu ni 3,500.

Kisha alitaja vitu viwili ambavyo naamini alivitaja kwa nia njema, lakini nilivikataa kwa sasa: shokomzoba za nyuma zilizo ngumu zaidi, shilingi 7,200, na taa kali ya mbele, 2,400. Shokomzoba ngumu zinamfaa anayebeba watu wawili na gunia. Mimi hubeba mwili wangu na mtungi usiofika kilo kumi, na springi ngumu zingeutikisa mtungi zaidi. Taa ninaitamani, kusema kweli, maana ukungu wa Molo saa moja jioni si wa kuchezea, ila kuikosa hakutanizuia kufika. Kutanifanya tu nifike polepole.

Ukijumlisha orodha yote ni shilingi 30,800, na pikipiki yenyewe ni 188,000, kwa hiyo maboresho peke yake ni karibu sehemu moja ya sita ya bei. Ukiondoa shokomzoba na taa, inabaki 21,200, na jumla ya yote ni 209,200. Nimesisitiza hesabu hii kwa sababu miezi ya kwanza nilikuwa najiambia kwamba pikipiki ni 188,000, na laiti ningeinunua wakati huo ningebaki na chombo kipya ambacho hakifiki Keringet na mfuko ambao hauna hata shilingi ya tairi.

Kulikuwa na kizuizi kimoja kilichobaki, nacho ni waranti. Duka lilinieleza kwamba matairi, karia na gadi ni hiari yangu, lakini mtu mwingine akigusa kabureta au sproketi katika miezi sita ya kwanza, injini haina dhamana tena. Nilirudi mara mbili kulijadili jambo hili. Mara ya kwanza kijana wa mauzo aliniambia, "Mama, hiyo jeti haina maana, pikipiki ni mpya," jambo ambalo halikuwa jibu. Mara ya pili niliomba kuonana na fundi wao mkuu, nikamwekea mezani ile plagi nyeusi niliyokuwa nimeiazima Molo. Aliigeuzageuza, akaniuliza ninaendesha wapi, nami nikamtajia. Tukakubaliana kwamba wao wenyewe wataweka jeti ndogo na sproketi ya meno 13 katika huduma ya kwanza ya kilomita 500, wakati wa kubadilisha oili, na kwamba jambo hilo liandikwe katika kijitabu cha waranti kwa mkono wake na muhuri. Kabla ya kilomita hizo 500 sitapanda nayo Keringet. Injini mpya haipaswi kulazimishwa, na nitafanya kazi ya karibu, Turi na Molo mjini, huku ile ya zamani ikinisaidia kwa safari za mbali.

Kuhusu malipo sikuhangaika sana. Duka lina mpango wa kulipa kila siku, malipo ya awali shilingi 25,000 na kisha 420 kwa siku kwa siku 547, na ukikaa chini na kalamu utaona kwamba jumla yake ni 254,740. Hiyo ni 66,740 zaidi ya bei ya taslimu, na ni fedha ambazo zingeweza kununua mtungi mwingine na mirija ya miezi kadhaa. Nina akiba ya 118,000. Sacco yetu, yaani chama cha akiba na mikopo, imekubali kunikopesha 100,000 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya deni linalopungua, nilipe kwa miezi ishirini, na riba yote itakuwa 10,500. Mwezi wa kwanza nitalipa 6,000, na kila mwezi itapungua kwa shilingi hamsini. Naielewa hali ya vijana wa bodaboda ambao hawana sacco wala akiba na mpango wa kila siku ndio mlango pekee uliofunguliwa mbele yao, na kwa hiyo siwalaumu. Ila kwa aliye na chama au sacco, hata kusubiri miezi minne mkopo upite kuna faida.

Baada ya pikipiki na maboresho nitabaki na shilingi 8,800, ambazo ni za bima ya lazima na kofia mpya ya kinga, maana kofia niliyo nayo imepasuka kioo tangu mwaka jana na nimekuwa nikiifunga kwa utepe. Mume wangu aliniuliza usiku wa juzi kama nina hakika, kwa sababu pesa hizo ndizo zote tulizo nazo pembeni. Nilimwonyesha daftari. Nilimwonyesha kwamba katika masika yaliyopita niliandika nyota kando ya majina kumi na moja, na kila nyota ni ng'ombe ambaye sikumfikia kwa wakati. Aliyasoma yote, akayatambua mawili ya jirani zetu, akafunga daftari akanirudishia.

Nitalipa Jumatatu. Pikipiki itatoka dukani ikiwa na matairi ya meno tayari, na nitaileta Molo mwenyewe kwa mwendo wa polepole kupitia Njoro na Elburgon. Fundi amekwisha kukata vyuma vya kitanda. Jana nilimkuta ameupima mtungi wangu kwa kamba, akafunga fundo mahali pa kimo na fundo jingine mahali pa mzunguko, kisha akaitundika kamba hiyo kwenye msumari juu ya meza yake. Raba nazo zimekatwa. Ijumaa nitampelekea mtungi wenyewe ukiwa mtupu, aukalishe ndani ya kitanda na kuutikisa kwa mikono kabla hajakaza boliti ya mwisho.